Pete Imekatwa: Je, Ndoa Nayo Imekatwa?



Mpendwa msomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa ndoa unajibu barua iliyotoka Sagana. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, muuza mchele wa Mwea kando ya barabara iendayo Karatina na Nyeri, naye ameomba jina lake lisitajwe. Barua ni ndefu, kurasa sita za daftari la shule, kwa hiyo nitaieleza kwa ufupi. Hata kama wewe hujapata kuvaa pete yenye jiwe, usigeuze ukurasa upesi. Jambo analouliza mama huyu limo katika nyumba nyingi, ila wengi hawana ujasiri wa kuliandika.

Mama huyu alifunga ndoa kanisani mwaka 1999. Mumewe wakati ule alikuwa dereva wa lori la kwenda Mombasa, na katika safari zake alinunua huko Taita kijiwe kimoja cha kijani, kidogo kama punje ya dengu. Alikipeleka kwa sonara mjini Nairobi, akalipa kidogo kidogo mwaka mzima, hata sonara akamtengenezea mchumba wake pete ya mkono ambayo hakuna mwanamke mwingine mwenye kama ile. Pete yake mwenyewe ilikuwa ya dhahabu tupu, bila jiwe.

Mwaka 2011, mama akiwa na mimba ya mtoto wa nne, alivimba mikono na uso, kichwa kikamuuma sana, akakimbizwa hospitali. Muuguzi alijaribu sabuni, akajaribu mafuta, pete haikutoka, na kidole kilikuwa kimeanza kubadilika rangi. Ikabidi pete ikatwe. Mama na mtoto walipona, Mungu asifiwe. Pete ikafungwa ndani ya kitambaa, ikatiwa katika mkebe wa Kimbo, na humo imo mpaka leo.

Mama mkwe alipokiona kile kidole kitupu alisema neno moja tu: pete ikikatwa, ndoa imekatwa. Mume hakusema lolote, siku ile wala miaka iliyofuata. Baadaye yeye naye aliugua akakonda, pete yake ikawa inamponyoka kidoleni, akaivua na kuitundika kwenye msumari karibu na kalenda ya parokia. Sasa binti yao wa kwanza anafunga ndoa mwezi wa Desemba. Mama anaona haya kusimama karibu na altare pamoja na mumewe, vidole vyao vyote vitupu, wakimpa mtoto baraka ya wazazi. Anataka pete itengenezwe. Mume anamjibu: nunua nyingine ya elfu mbili mjini, zote zinang'aa sawa.

Anauliza mambo matatu. Je, maneno ya mama mkwe ni ya kweli? Je, pete ikitengenezwa upya ni lazima ibarikiwe tena? Na tatu, je, aipeleke kwa sonara kimya kimya, mume asijue, apate kumshangaza siku ya harusi?

Halafu, chini kabisa ya ukurasa wa sita, baada ya salamu na sahihi, ameongeza mstari mmoja: "Siku hiyo ya hospitali hakuja." Tutaufikia mstari huo.

KUHUSU MANENO YA MAMA MKWE

La hasha! Ndoa haikatwi na msumeno wa hospitali. Mwaka 866 Wabulgaria, waliokuwa Wakristo wapya kama walivyokuwa babu zetu pale Wamisionari wa Konsolata walipofika Tuthu mwaka 1902, walimwandikia Papa Nikolao wa Kwanza maswali mengi sana, na mojawapo lilihusu namna ya kuoana. Papa aliwaeleza desturi za Roma: mchumba humvika mwenzake pete kuwa alama ya uaminifu, kuna mahari, kuna baraka ya padre, kuna taji za harusi. Kisha akaongeza kwamba mambo hayo yakikosekana si dhambi, maana wako watu ambao umaskini unawabana. Yatosha hiari ya wale wawili. Hiari hiyo ikikosekana, alisema, mengine yote ni bure hata yakifanywa kwa fahari.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1057, inafundisha vivyo hivyo: kinachofanya ndoa ni ukubaliano wa wale wawili, nao hauwezi kutolewa na mtu mwingine yeyote kwa niaba yao. Basi kama pete haikuifanya ndoa ya mama huyu mwaka 1999, kukatwa kwake mwaka 2011 kutaivunjaje?

Na kama ningekaa na Cucu mwenyewe, kwa heshima zote ningemkumbusha jambo analolijua kuliko mimi. Katika mila ya Wagikuyu pete ya ndoa haikuwapo. Siku ya ngurario bibi na bwana hukata kiungo cha bega la mbuzi, kile kiande, na wazee wakishaona kimekatwa husema sasa hawa ni mume na mke. Yaani katika mila yenyewe, kukata ndiko kunakofunga! Kwa hiyo neno lile halikutoka kwa mababu. Nadhani lilitoka katika hofu ya mzazi aliyemwona mwanawe amenyamaza, akatafuta cha kulaumu, akakiona kidole.

Ila wanawake wa ukoo, chungeni ndimi zenu mkiwa mbele ya mzazi aliyetoka juzi kitandani. Mama huyu ameyabeba maneno yale tangu mwaka 2011.

LAKINI PETE SI KITU CHA KUTUPA

Sasa naona kuna msomaji mwanamume anayetabasamu na kusema, "Basi mume wake alisema kweli, pete ni pete." Hapana, ndugu yangu. Pete si ndoa, lakini ni alama iliyobarikiwa, na Kanisa hututaka tuvitendee kwa heshima vitu vilivyobarikiwa. Tazama Maandiko. Farao alipomkabidhi Yosefu mamlaka ya Misri alivua pete mkononi mwake akamvika. Baba wa mwana mpotevu, kabla kijana hajapata hata tonge la chakula, aliagiza aletewe vazi, avikwe pete na viatu. Katika Biblia mtu akivikwa pete ana maana ya kuaminiwa, tena mara nyingine ni mtu ambaye hakustahili kuaminiwa.

Asiye na uwezo na avae pete ya shaba. Mungu hana mizani ya sonara. Wapo wanaoishi pamoja miaka kumi bila sakramenti kwa kuwa wanangoja pesa za pete, keki na hema. Hao nawaambia nendeni kwa Paroko wenu wiki hii, pete ya bei ndogo haimzuii Roho Mtakatifu. Lakini wanandoa wa Sagana hawamo katika hali hiyo. Wao wanayo pete. Mwanamume aliilipia mwaka mzima kwa jasho la usukani. Kununua nyingine ya elfu mbili na kuiacha ile mkebeni si kubana matumizi. Nitasema ni nini, lakini kwanza tumalize habari ya dhahabu.

Wala msione haya kuvaa kitu kilichorekebishwa. Huko Lamu masonara wa fedha wamekuwa wakichukua vigae vya sahani za kale za Kichina, vinavyookotwa ufukweni, na kuvigeuza kuwa pete ambazo wageni huzinunua kwa furaha. Malkia Elizabeth wa Uingereza, yule aliyekuwa hapa kwetu Februari 1952 habari ya kifo cha baba yake ilipomfikia (alikuwa Sagana Lodge, nyumba ambayo serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa kuwa zawadi ya harusi, iko upande wa Kiganjo, msiitafute mjini Sagana), pete yake ya uchumba ilitengenezwa kwa almasi zilizotolewa katika taji la mama mkwe wake. Ikiwa binti wa mfalme alivaa mawe yaliyong'olewa mahali pengine, mama wa Sagana aogope nini?

SONARA HUFANYAJE

Wengi hawajui kwamba pete ndogo hupanuliwa na kubwa hupunguzwa, kwa hiyo nieleze kidogo. Kazi hii si uchawi. Sonara hukata duara la pete upande wa nyuma, mkabala na jiwe. Akitaka kuipanua hulifungua duara, hutia kipande cha dhahabu katika nafasi iliyopatikana, hukiunga kwa moto, kisha hupiga tupa na kusugua mpaka alama ya kiungo isionekane. Akitaka kuipunguza hutoa kipande, huzikutanisha ncha, huziunga. Kutoka saizi moja hadi nyingine ni kama milimita mbili na nusu tu za mzunguko. Pete ya mama huyu imekwisha kukatwa, basi kazi ya kwanza imefanyika. Kama imepinda, sonara huinyosha kwa nyundo ya mbao juu ya chuma cha mviringo.

Kidole kipimwe vizuri. Msikipime asubuhi ile ya baridi inayoshuka kutoka Mlimani, maana kidole hunywea kwa baridi na kuvimba kwa joto. Kipimwe mchana au jioni, na pete iweze kupita kwenye fundo la kidole. Mama mwenye mimba asipimwe kabisa. Angoje miezi kadhaa baada ya kujifungua. Na hapa nitoke nje ya mada, kwa sababu ni jambo la uhai: mama mjamzito akivimba ghafla mikono na uso, na kichwa kikimuuma au macho yakiona giza, asingoje kliniki ya wiki ijayo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na pete ivuliwe mapema kabla haijabana. Baba asiseme eti mke anavua pete kwa nia mbaya.

Lililo gumu zaidi ni jiwe. Kijiwe cha kijani kutoka Taita huenda ni tsavoraiti, jiwe la jamii ya ganeti. Mtaalamu wa miamba Campbell Bridges aliliona kwanza kaskazini ya Tanzania mwaka 1967, kisha akalikuta upande wetu wa Taita miaka michache baadaye, na mwaka 1974 likapewa jina kutokana na Tsavo. Bridges mwenyewe aliuawa mwaka 2009 karibu na Voi katika ugomvi wa migodi. Tuyavaapo mawe haya tukumbuke kwamba watu hutoka jasho, na wengine damu, ili yatufikie. Tsavoraiti hutoka ardhini na rangi yake, haichomwi ili ipendeze, tofauti na tanzanaiti ambayo kwa kawaida hutiwa joto ndipo itoe ule ubuluu wake. Lakini mawe haya yote mawili hayapendi moto wa ghafla wala baridi ya ghafla, yanaweza kupasuka. Kwa hiyo sonara mwangalifu hulitoa jiwe kwanza, huunga dhahabu, huiacha ipoe, ndipo hulirudisha.

Hata likirudishwa kazi haijaisha. Pete ikipanuliwa sana, duara lake hulala zaidi, na vile vidole vidogo vya dhahabu vinavyolishika jiwe hubadili mkao. Visipobanwa upya jiwe hucheza, na siku moja mama atakapokuwa akipima mchele litaanguka humo lisionekane tena. Nimeona ndoa za namna hiyo pia: mmoja amekua, biashara imepanuka au elimu imeongezeka, na hakuna aliyekumbuka kukaza upya yale yaliyokuwa yakiwashikanisha zamani.

Kuhusu uaminifu wa sonara, wengi ni watu wema, lakini fanyeni kama watu wazima. Pimeni uzito wa pete mbele yake kabla na baada. Liangalieni jiwe kwa lenzi, mzikariri doa au alama zilizomo ndani yake. Tazameni mhuri wa dhahabu: 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, na 916 ni karati 22.

Mhuri huo ulinifikirisha sana niliposoma barua hii. Pete ya mama inahitaji kuongezwa dhahabu. Pete ya baba inahitaji kupunguzwa. Kama zote mbili zilitengenezwa na sonara yule yule kwa dhahabu ya karati moja, basi kipande kitakachotoka katika pete ya mume ndicho kinachoweza kutiwa katika pete ya mke. Sonara hukigonga kidogo kwa nyundo kikatosha upana, na kikipungua ataongeza chake. Ni kazi ya kawaida kabisa, na itawapunguzia gharama. Lakini haiwezekani kufanyika kimya kimya, maana ile pete ya msumarini si ya mama. Ni ya baba, naye lazima aitoe mwenyewe.

"SIKU HIYO HAKUJA"

Mama, sasa nazungumza nawe. Umeandika kurasa sita juu ya pete na mstari mmoja juu ya siku ile. Mimi naona barua yako ni huo mstari mmoja.

Sijui mumeo alikuwa wapi. Labda lori liliharibika Mtito Andei na simu ikaisha chaji. Labda alikuwa mahali ambapo hawezi kupataja. Wewe hukuandika, na ninashuku kwamba hukuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kueleza. Wewe ulikuwa kitandani ukidhani unakufa, na muuguzi usiyemjua ndiye aliyekushika mkono akakata pete ya mume wako. Yeye alirudi nyumbani akakuta mtoto, akakuta kidole kitupu, akaelewa kwamba kuna jambo kubwa lililotokea bila yeye. Mama yake akasema neno lile. Tangu hapo kila mmoja wenu amekuwa akiupita ule mkebe kama watu wanaopita karibu na mbwa aliyelala.

Ndiyo maana anataka ya elfu mbili. Usifikiri ni ubahili. Mwanamume aliyelipa mwaka mzima kwa ajili ya kijiwe kama dengu si bahili. Pete mpya haikuwapo hospitali. Haimwulizi kitu.

Kwa sababu hiyo nakujibu swali lako la tatu: usiifanye kwa siri. Najua nia yako ni njema, nawe umechoka kungoja. Lakini ukiipeleka peke yako utarudi na pete nzima na kimya kile kile, tena sasa kitakuwa kimepakwa dhahabu. Utamvisha mbele ya wageni, watu watapiga vigelegele, yeye atatabasamu kwa sababu hana la kufanya, na usiku mtarudi nyumbani kila mmoja na mzigo wake. Zawadi ya ghafla ni nzuri pale ambapo hakuna deni. Penye deni humfanya mwenzako ajione ameshitakiwa mbele ya umati.

Nabii Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi, akaona chombo kilichoharibika kikifinyangwa tena kwa udongo ule ule. Mahubiri mengi ya ndoa hupenda mfano huo. Mimi huuogopa kidogo, kwa maana udongo ule ulikuwa bado mbichi. Katika sura inayofuata nabii huyo huyo anavunja gudulia lililokwisha kuchomwa, na hilo haliungiki tena. Ndoa ya zaidi ya miaka ishirini si udongo mbichi. Heri mfano wa nabii Malaki, anayemlinganisha Bwana na mtu asafishaye fedha na dhahabu. Dhahabu haichelewi. Iwe na umri wa mwaka mmoja au mia, ikirudishwa motoni inalainika. Na Malaki anasema jambo ambalo huwa tunalipita haraka, kwamba msafishaji huyo huketi. Haachi dhahabu motoni akaenda zake sokoni. Anakaa hapo hapo karibu na moto, macho yake juu ya kazi.

Baba, kama umeupata ukurasa huu mezani na unajua ni wewe, nisikilize kidogo. Hukuwapo siku ile, na siku ile haitarudi. Lakini sasa unaweza kuketi. Keti naye jioni moja, usiku ukiwa umetulia, na umwambie ulikuwa wapi. Kama ulikuwa barabarani, sema barabarani. Kama palikuwa na dhambi, nenda kwanza kwenye Kitubio, na umwombe padre akushauri namna ya kusema na mkeo, maana si kila undani wa kosa la zamani unamjenga mwenzako. Ila usidhani ukishaungama kwa padre, mke hastahili tena kuambiwa "pole, nisamehe". Padre hakuwa kitandani siku ile. Wewe ndiwe uliyeng'ang'ana na malipo mwaka mzima ili binti wa watu avae jiwe ambalo hakuna mwingine mwenye nalo. Mtu yule bado umo ndani yake, ametundikwa tu kwenye msumari.

Na mama, wewe nawe usingoje mpaka yeye aanze. Miaka yote hii umemwadhibu kwa unyenyekevu: chakula tayari, nguo safi, na mkebe mahali pake. Usiyaanzishe mambo haya mbele ya kamati ya harusi, wala mbele ya Cucu, wala siku ambayo mchele haukuuzika. Mkiwa wawili tu, uweke mkebe mezani, uufungue, useme maneno machache ya kwako mwenyewe. Kama huna maneno, haya nakuazima: "Pete hii ilikatwa siku niliyodhani nakufa. Nilikungoja. Sijawahi kukuambia kwamba nilikungoja." Kisha unyamaze. Huenda akakasirika kwanza. Wanaume wengi aibu ikiwashika huitoa kwa mlango wa hasira. Mwache atoke nje, atembee, arudi. Usiufunge mkebe.

Niseme pia kwa wasomaji wengine, nisije nikaeleweka vibaya. Nimeandika haya kwa nyumba yenye kimya. Nyumba yenye kipigo ni habari nyingine. Mama ambaye maisha yake au ya watoto wake yamo hatarini haambiwi na Kanisa avumilie mpaka afe. Kanuni ya 1153 inamruhusu kuondoka akaishi mahali pa usalama. Huyo asifikirie sonara. Aende kwa Paroko, kwa wazazi, na kwa chifu au polisi.

BARAKA

Limebaki swali la pili, nalo ni rahisi. Pete iliyopanuliwa au kupunguzwa ni ile ile iliyobarikiwa mwaka 1999. Hakuna ulazima wa kuibariki tena. Ingekuwa imeyeyushwa yote na kufanywa pete nyingine, hapo ningesema ibarikiwe kama kitu kipya. Lakini hata isipokuwa lazima, hakuna kinachozuia. Kanisa lina ibada ya kuwabariki wanandoa wanapokumbuka miaka ya ndoa yao, na ndani yake zimo sala za pete, ziwe za zamani au mpya. Mnasimama, mnamshukuru Mungu kwa ahadi mliyoitoa, na padre anawaombea. Hamfungi ndoa upya, kwa kuwa ndoa yenu haikufa.

Nawashauri msiifanye siku ya harusi ya binti yenu. Siku ile ni yake, mwacheni ang'ae. Chagueni Jumapili ya kawaida kabla ya hapo, Misa ya kwanza ambayo haina watu wengi, mmwombe Baba Paroko dakika tano baada ya Misa. Mwaliko uwe kwa watoto, na kwa Cucu. Hasa Cucu, na akae mbele aone.

Kabla ya hapo pandeni matatu pamoja kwenda Nairobi, ni kama kilomita 100 tu, pete zote mbili zikiwa katika mkoba wa mama. Anzeni kwa sonara yule wa zamani kama bado yupo, au mwanawe, maana kazi hii mara nyingi hurithiwa, naye ataitambua kazi ya mkono wa nyumba yao. Mwambieni mapema mnataka kipande cha pete ya baba kitumike katika ya mama. Nanyi nendeni mwezi wa Oktoba, msichelewe. Ikifika Desemba kila mtu anataka pete, na sonara huwa hana tena subira ya kuunga za zamani.